Siku tatu Dar, mume na mke: Anti anajibu

Julai ikishafika na mawingu kuukalia Mlima Meru hapa Arusha wiki nzima, meseji zinazonijia ni za aina moja: mume na mke wanataka kushuka Dar wakaote joto kidogo. Nazijibu kwa mkupuo.

Shikamoo Anti. Tuna Ijumaa mpaka Jumapili tu. Basi au ndege? (Baba wawili, Sakina)

Marahaba. Hesabu mwenyewe. Barabara ni zaidi ya kilomita 600: Moshi, Same, wali wa harakaharaka Korogwe, Segera, Chalinze, kisha jioni unashushwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, na mjini bado hujafika. Kurudi ni hivyohivyo. Katika siku tatu, mbili umezigawia basi. Mabasi ya usiku yapo tangu yaliporuhusiwa tena 2023, na mchana unaokoa kweli, ila utaamka na shingo imepinda. Treni ya reli ya zamani inalala njiani. Treni ya kisasa ya SGR kwetu haijafika. Ndege ni kama saa moja hewani. Linganisha nauli za viwanja vyetu viwili vya ndege, KIA na Kisongo, kata tiketi mapema, na hela ikibana nendeni kwa ndege mrudi kwa basi. Afadhali mpunguze hadhi ya hoteli kuliko saa za kukaa pamoja.

Mume wangu amepanga tulale Kariakoo, tuogelee Kunduchi, jioni tule Kigamboni. Inawezekana? (Mama Njiro)

Inawezekana kwa mwenye helikopta. Foleni ya Dar haijali kwamba mko fungate la pili. Chagueni upande mmoja mbaki huko. Kigamboni ni kutulia: mnavuka kwa pantoni pale Magogoni au mnapita Daraja la Nyerere, basi, jiji mmeliacha nyuma. Wanaopenda watu wakae Msasani, jioni waende Coco Beach wakale mihogo ya kukaanga na mishikaki huku upepo unawapiga. Ningekuwa mimi, Kigamboni. Kariakoo sina ugomvi nayo, lakini ukiingia na mumeo saa nne asubuhi mtatoka saa kumi na vitenge vinne na kununiana. Na mkiangukia siku za Saba Saba, Barabara ya Kilwa iepukeni, labda kama mmefuata maonesho yenyewe.

Tunaweza kwenda kisiwani? Mke wangu hajui kuogelea. (Usa River)

Mbudya mnapandia boti Kunduchi, Bongoyo mnapandia Msasani. Ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli. Julai ni msimu wa upepo wa kusi na bahari huchafuka, basi ondokeni asubuhi, na boti isiyo na maboya ya kuvaa msiipande hata kama nahodha anacheka. Angalieni na mwezi: ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji yanatoka mbali sana na mnaweza kujikuta mnatembea juu ya mawe badala ya kuoga.

Anti, wifi yangu anakaa Tabata. Tukilala hotelini atasema tunajidai. Tufiche safari? (Pasua, Moshi)

Usifiche, mwanangu. Mtaweka picha moja tu kwenye status, na kabla jua halijazama ukoo mzima Kibosho una habari. Mumeo ndiye ampigie dada yake, si wewe, tena kabla hamjaondoka: tunakuja kupumzika wawili, Jumapili mchana tutapita kwako tule. Mbebeeni ndizi mshare na maparachichi. Mkono mtupu ndio utakaosemwa kuliko hoteli. Kulala kwake msikubali. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulifikia kwa ndugu, mimi nikawekwa chumba cha watoto, mume wangu kwenye godoro la sebuleni. Siku mbili nzima tulikuwa tunaonana kwenye chai.

Tubebe masweta? (Ilboru)

Usiku wa Julai joto la Dar hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na wenyeji watakwambia kuna baridi. Nyie mtalala bila shuka. Bebeni moja moja tu, la kuvaa mkishuka Arusha usiku.