Mhariri msanifu hufanya nini?

Umeuliza kama mhariri msanifu gazetini anasahihisha herufi tu. Herufi ndiyo kazi ndogo. Kwanza anajumlisha: habari ikisema waliokufa ni 7, wanaume 4 na wanawake 2, anampigia mwandishi kabla ukurasa haujaenda kiwandani. Habari iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza ina mtego wake: saa 2 mchana ya kwao ni saa 8 kwetu. Polisi wamekamata "mwizi"? Anaandika mtuhumiwa; akisomewa mashtaka, mshtakiwa; mwizi labda baada ya hukumu, la sivyo gazeti linaweza kudaiwa fidia. Kichwa cha habari anakipunguza kitoshee safu. Halafu majina chini ya picha, ambayo huandikwa harakaharaka: Hamis kwenye picha, Hamisi kwenye habari.