Futa hiyo oda ya printa ya 3D, mwalimu

Mwalimu wa Sengerema, umeuliza printa gani ya 3D, ile mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka kwa tabaka, inafaa kwa karakana ya ubunifu kwenye maktaba ya shule, kelele mtazizuia vipi, na madarasa yaingie kwa zamu ipi. Umesema pia printa itachukua zaidi ya nusu ya fedha zenu. Kama hujalipa, futa hiyo oda leo. Hesabu hiyohiyo niliipiga mimi hapa Mwanza, kwenye maktaba yetu ya mtaa, na inaniuma kuiona inarudiwa.

Mshauri wetu alikuja na picha za maktaba ya Fayetteville, jimbo la New York, waliofungua karakana yao mwaka 2011. Wale watu wamefanya kazi nzuri, sina neno nao. Huyu bwana ndiye nina neno naye. Hakuuliza umeme wetu ukoje, nani ataifungua mashine ikigoma, wala uzi wa plastiki tutaupata duka gani. Alichukua posho yake akaondoka, na simu zangu hakupokea tena.

Sasa sikia. Kitu cha ukubwa wa kikombe kinachukua saa kadhaa. Plastiki inayeyuka kwenye nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi na kupita kwenye tundu la milimita 0.4. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kukumbuka ilipoishia, lakini meza yake ikishapoa kile kitu kinabanduka, unaanza upya. Halafu sisi tuko ziwani. Uzi niliuacha wazi msimu wa mvua, ukanyonya unyevu. Ulipopita kwenye moto ukawa unalia ta-ta-ta, ukatoa nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Watoto wakaziita tambi, wakauliza zinaiva lini. Siku ya pili tundu likaziba. Spea tuliagiza China, tukangoja wiki saba, na mwaka mzima neno nililowaambia watoto kuliko yote lilikuwa "msiguse".

Kabla ya kununua chochote, nenda kwa fundi redio wa hapo kwenu umuulize: hiki kikifa utakifungua? Spea yake iko mjini? Akisita, acha. Narudia, mwalimu: akisita, acha, hata kama mfadhili anakipenda.

Sisi tulikuja kuokolewa na taa za kuvulia dagaa usiku. Kipindi cha mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani, wakaanza kutuletea taa zao za LED zilizokufa. Binti wa darasa la sita alifungua moja mbele yangu, akagusisha ncha za multimita, kile kipima umeme kinacholia njia ya umeme ikiwa nzima, pande mbili za waya, kimya. Akasogea mpaka kwenye kiungo, akakuta lehemu imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na kutu ya kijani pembeni. Akailehemu upya. Ilipowaka alimkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Yule mzee wiki iliyofuata alileta nne.

Vifaa vya kazi ile ni bisibisi, plaizi, chuma cha kulehemu, lehemu na multimita. Vyote nilivinunua hapahapa mjini kwa siku moja. Fungueni madirisha wakati wa kulehemu, ule moshi si mzuri, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Sasa niambie, oda umeshalipa au bado? Kama umetoa malipo ya awali, kawadai kesho asubuhi kabla mzigo haujasafirishwa.