Giaboksi ilisafiri, kosa likabaki njiani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani hutakubali tena kukituma mbali kikatengenezwe, na kwa nini?" Nahisi wengi watawajibu simu au televisheni. Mimi najibu giaboksi ya gari, hasa ya otomatiki. Naomba nafasi nieleze kwa urefu, maana ukisema tu "nilitapeliwa" watu wanakupa pole na mazungumzo yanaishia hapo, na mimi hata sina hakika kwamba nilitapeliwa. Ningekuwa nimetapeliwa ningejua wa kumkamata.

Nafanya biashara ya mazao hapa Songea. Gari langu ni dogo la Kijapani, mtumba kama magari yetu yote, nalitumia kufuata wakulima Mbinga na Namtumbo na mara nyingine kupanda Njombe. Giaboksi yake ni otomatiki ya aina iitwayo CVT. Mlima wa Lukumburu ndio uliofichua ugonjwa: injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, gari linatambaa, na chini ya miguu kuna mlio mwembamba usiokoma. Ukifika tambarare linatulia, unajidanganya kwamba limepona.

Fundi wangu alifungua sampu ya giaboksi, lile bakuli la oili la chini. Mle ndani huwekwa sumaku za kunasa vumbi la chuma, na ujiuji wa kijivu juu ya sumaku si wa kuogopesha, giaboksi yoyote inayofanya kazi huutoa. Kwenye zangu kulikuwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha. Akaniwekea kimoja kiganjani, akaniambia, "Mama, hii mimi siifungui. Nitakuharibia." Fundi anayekataa kazi asiyoiweza namheshimu hadi leo.

Kwa asiyejua, CVT haina gia ya kwanza wala ya pili. Ina puli mbili za chuma zenye kuta za mteremko, na kati yake unapita mkanda wa mamia ya vibati vidogo vya chuma vilivyopangwa kwenye pete nyembamba. Puli moja ikibana, nyingine inaachia, mkanda unapanda huku na kushuka kule, na gari linabadili mwendo bila kushtuka. Wazo lenyewe si la Wajapani. DAF wa Uholanzi waliuza gari la namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikanda ya mpira, na kwa jinsi lilivyoundwa lingeweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Balaa ni kwamba mkanda wa chuma unategemea usafi wa uso wa puli. Uso ukikwaruzika, hakuna kuchomelea wala kuziba. Unabadilisha puli na mkanda pamoja.

Basi nikaletewa tangazo la gereji moja ya Dar es Salaam. Jina silitaji. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: fundi wako aishushe giaboksi, uitume kwa basi, wao waifungue, wabadilishe vilivyokufa, waijaribu, wairudishe kwa basi. Waranti miezi 6. Bei ilikuwa chini ya giaboksi ya mtumba.

Hapo sikuona la ajabu. Dar ndiko vitu viliko. Ukikosa spea Shauri Moyo au Gerezani, nchi nzima huipati. Na mikoani tumezoea kutuma vitu kwa basi. Pampu ya dizeli ya Canter ya mdogo wangu ilikwenda hivyohivyo, ikarudi, inafanya kazi. Tofauti nimeijua baadaye. Pampu ya dizeli inapimwa juu ya meza: inazungushwa na mashine, unaona kila mdomo unatoa mafuta kiasi gani. Dainamo na stata vilevile. Giaboksi ya otomatiki nayo ina mashine yake ya kuijaribia nje ya gari, viwanda vikubwa vinazo. Ile gereji ilipoandika "tunaijaribu" ilimaanisha wanaizungusha kwa mkono wasikie kama inakwama.

Kuituma ni kazi peke yake. Inamwagwa oili, matundu yote yanazibwa, inachongewa kreti la mbao, inapandishwa kwenye kirikuu na vijana wenye nguvu. Hata ukiikausha namna gani itavuja tu, na kondakta akiona tone karibu na magunia ya mchele ya watu anataka kuishusha. Kwenye risiti ya mzigo kumeandikwa kwamba unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Huyo mwenyewe ni mimi, kwenda na kurudi.

Mawasiliano yalikuwa mazuri mno mwanzoni. Wakanitumia video, giaboksi imefunguliwa juu ya meza, mtu anaonyesha kwa bisibisi: hii imekufa, hii imekufa, hii nzima. Nikituma advansi, jibu linakuja hapohapo. Nikiuliza swali la kiufundi, naambiwa, "Mama, hapo hakuna mwanaume nimwelekeze?" Nikawa nampa fundi simu, halafu fundi ananieleza mimi, kwa kuwa mlipaji ni mimi.

Ilirudi imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria jipya. Boliti mbili zilikuwa na alama ya njano kichwani, na karatasi iliyobandikwa pembeni ilisema boliti hizo zikiguswa, waranti imekufa. Maelezo ya kufungia hayakuwemo, hata mstari mmoja. Fundi akatazama kibati cha namba ya giaboksi, akafungua picha aliyoipiga siku ya kuishusha. Namba tofauti. Nikapiga simu. "Ganda lako lilikuwa na ufa, mama, tukakupa ganda jingine bure." Ufa huo haukuwepo kwenye video, lakini sikubishana. Nilitaka gari.

Ikafungwa. Gari likawa linatetemeka likianza kuondoka, linasita, kisha taa inawaka kwenye dashibodi na gari linagoma kuzidi mwendo wa bajaji. Mlio mwembamba ukawa uleule, pengine umezidi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Nilipolalamika, wale wa Dar hawakukata simu. Waliuliza maswali, na kila swali lilikuwa la haki. Fundi wako ameweka oili gani? Kweli, CVT haitaki oili ya giaboksi ya kawaida, ukiweka hiyo mkanda unateleza. Tukatuma picha ya dumu. Je, alisafisha kipozeo cha oili na mabomba yake? Kweli tena: vile vipande vya chuma vya giaboksi ya zamani hubaki kwenye kipozeo, na ukifunga giaboksi mpya bila kukiosha unairudishia uchafu uleule tumboni. Fundi alikuwa amekiosha kwa petroli na kukipuliza, lakini ushahidi uko wapi? Je, toki konveta, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, iliingia hadi mwisho kabla ya kukaza boliti? Kweli mara ya tatu, isipoingia sawasawa inavunja pampu ya oili. Fundi akaapa iliingia.

Waliyajua yote hayo kabla. Wangeweza kuyaandika kwenye ile karatasi ya waranti, nasi tungepiga picha hatua kwa hatua. Walisubiri gari ligome, ndipo yakatoka moja baada ya jingine. Kila swali lililokosa picha likawa mlango wao wa kutokea. Fundi wangu naye, ambaye kosa lake sijaliona mpaka leo, akaanza kujitetea kwa sauti ya mtu mwenye hatia. Kazi moja ilikuwa imekatwa vipande viwili: nusu Dar, nusu Songea. Waranti yao ilihusu nusu yao tu, na gari likiwa limezimika hakuna awezaye kuonyesha kosa limelala kwenye nusu ipi.

Nililipeleka gari Mbeya likiwa juu ya karia, lori la kubebea magari, kwa kijana mwenye mashine ya kupimia. Yeye ndiye aliyenieleza lile ambalo Dar hawakuligusa kabisa. Giaboksi kama yangu huwa na kumbukumbu yake ndogo ya kielektroniki yenye vipimo vya valvu bodi yake, yaani sehemu inayogawa shinikizo la oili, kwa sababu hakuna valvu bodi mbili zinazotoa shinikizo sawasawa kabisa. Ukifunga nyingine, vipimo vyake vinatakiwa viandikwe kwenye kompyuta ya gari, na yale ambayo kompyuta ilijifunza kutoka kwa ya zamani yafutwe. Kompyuta yangu ilikuwa bado inaendesha giaboksi iliyobaki Dar. Ile habari ya "ganda tu" ikaishia hapo. Walichonirudishia kilikuwa na tumbo la giaboksi nyingine. Mtu aliyetuma nyingine halafu akanyamaza hawezi kusema mtetemo ni wa fundi wa Songea.

Kijana akaandika vipimo, mtetemo ukapungua sana. Mlio ukabaki. Akasema ni beringi ya puli, na pengine puli yenyewe imeliwa, lakini kwa uhakika lazima afungue.

Nadhani mmekwisha kuona mtego. Bila kufungua siwezi kuthibitisha kwamba ndani hakukutengenezwa. Nikifungua, zile boliti za njano zimeguswa na waranti imekufa. Njia ya tatu waliyonipa ni kuirudisha Dar kwa nauli yangu, baada ya kumlipa fundi kuishusha upya, pamoja na "gharama ndogo ya kufungua na kukagua". Na wao ndio wakaguzi. Nikawaambia wafanye video bila kukata, kuanzia kreti kufunguliwa. Wakasema mafundi wao hawafanyi kazi kwa kusimamiwa. Kuanzia hapo tiki zikawa za bluu, jibu hakuna.

Kuna walioniambia niende kwenye sheria. Sheria ipo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Udhaifu wangu ulikuwa kwingine: ushahidi. Pesa ilikwenda kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliiomba tangu advansi, nikaambiwa mashine ina shida ya mtandao, itakuja na mzigo. Haikuja. Nilichobaki nacho ni meseji za simu zenye jina la mtu ambaye kwenye video hayumo. Mahakamani nako, kesi ya madai kwa kawaida hufunguliwa anakoishi mdaiwa au lilikotokea jambo. Jambo limetokea wapi? Mimi nasema Songea, gari lilikogomea. Wao watasema Dar, walikofanya kazi. Hata kwenye mamlaka ya mahakama tumekatwa nusu kwa nusu.

Mwishowe nilinunua giaboksi ya mtumba, nikataka ikamilike, na toki konveta yake na valvu bodi yake, na anayeuza awe ndiye anayefunga na kuandika kompyuta. Nikalala Mbeya kwa ndugu, gari likajaribiwa Mlima Nyoka mimi nikiwa nimekaa kiti cha pembeni. Nililipa baada ya kushuka. Bei ilikuwa juu, na kama kesho italeta mlio najua mlango wa kugonga.

Sisemi gereji zote za mbali ni mbaya. Nikikuta inayotuma karatasi ya hatua za kufungia kabla ya kupokea pesa, inayoandika namba ya kibati kwenye risiti ya EFD, na inayokubali kwamba nauli ya kurudi ni yake ikiwa kosa ni lake, nitamshauri mtu aifikirie. Hiyo sijaikuta.

Kwa walio pembezoni kama sisi, wasio na fundi wa CVT jirani, ningesema litume gari lenyewe badala ya kipande chake. Ila msilivute kwa kamba. Gari la CVT likivutwa huku magurudumu yanayosukuma yanazunguka chini na injini imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na mkanda unasagika njiani kabla hata fundi hajauona. Lipandisheni kwenye karia, na kabla halijaondoka pigeni picha kile kibati cha namba.

Msomaji wenu, Songea