Jibu: Binti kiziwi wa Kigogo kwenye filamu fupi

Dada, umeuliza kama mwigizaji anayesikia kutoka Dar anaweza kucheza binti kiziwi wa Kigogo katika filamu unayopigia Dodoma. Mimi nasema hapana, mtafute kiziwi mwenyewe. Anza kuulizia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania.

Weka wakalimani wawili wa Lugha ya Alama ya Tanzania, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mmoja peke yake huchoka, na maelekezo yanapotea bila wewe kujua. Mkalimani asimame kando ya kamera, mwanga ukimpiga usoni, wala dirisha lisiwe nyuma yake.

Kinachoharibu zaidi ni picha ya karibu: hisia zikipanda, kamera inavutwa usoni, mikono inakatwa, na maneno yameenda nayo. Piga kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa. Mhariri asikate ishara haijaisha. Kiziwi akae naye.

Mazungumzo ya Kigogo yasitafsiriwe siku ya kupiga. Mpe mzawa wa lugha hiyo mswada mapema, ausome kwa sauti na kuurekebisha. (Na muheme, ngoma ya Wagogo, tafadhali, usiwe pambo la kila anayepita njiani.)

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie. Binti akiwa chini ya miaka 18, mzazi asaini mkataba, baada ya mwanasheria kuupitia.