Mtoto alikuwa analamba kifuniko

Mhariri, mmeuliza kama serikali itoe ruzuku ya maziwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa hapana. Sisi wa Rungwe ng'ombe wa maziwa tunao nyuma ya nyumba, na Iringa wana kiwanda kabisa. Lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 57 katika kila 100 wa Iringa wamedumaa, wakati Tanzania nzima ni 30. Ruzuku ya nini, basi? Tuulizane kwanza haya tunayokamua yanakwenda wapi.

Yangu yalikwenda kituo cha kukusanyia maziwa. Mtamba tulimpata kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ndama jike wa kwanza tukampa jirani. Alfajiri, ukungu haujainuka, mama watoto anakamua, mimi nachuja kwa kitambaa na kujaza dumu. Kijana wetu wa pili alikuwa akisikia ndoo tu, ameshaamka. Anasimama mlangoni bila viatu, anangoja nimalize kumimina, kisha anachukua kifuniko na kulamba povu. Tulikuwa tunacheka! Chai yake ilikuwa ya rangi, maana lita ikipungua, sabuni na chumvi vinapungua.

Siku moja kliniki akasimamishwa kwenye ubao: miezi 30, sentimita 82. Nesi akasema, "Baba, huu ni urefu wa mtoto wa mwaka na nusu. Nyumbani mnafuga?" Nikajibu kwa majivuno, lita kumi kwa siku. Hakunigombeza. Akaandika kwenye kadi, akaita mwingine.

Nilitaka kumalizia kwamba tunachokosa ni elimu. Ila nikikumbuka vizuri, nilijua maziwa ni mazuri; nilichokosa ni pesa ya kuacha nusu lita nyumbani. Basi ruzuku itolewe, hata kwa wafugaji, ingawa sijui nani atalinda kikombe kisiishie kwenye chai ya baba. Na wa chini ya miezi sita ni titi tu. Ya ng'ombe ya kunywa yangoje afikishe mwaka. Tena maziwa peke yake hayatoshi, uji utiwe karanga, maharage na mayai yawepo, na maji yachemshwe, maana mtoto anayeharisha kila wiki hanenepi kwa kikombe.

Kwangu siku hizi nusu lita inabaki. Kituoni wanalalamika napeleka pungufu.