Jagi la vigae vya sahani

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi Lyon, Ufaransa. Nimenunua jagi sokoni kwenye vikorokoro vya zamani, limebandikwa vipande vya sahani zilizovunjika mwili mzima: maua ya buluu, kingo za dhahabu, hata mkono wa kikombe. Vipande viwili vimebanduka. Nataka kuliloweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, kisha nivirudishe kwa supa gluu. Na je, ni la kale kweli?
Msomaji, Lyon

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama jagi limo kwenye beseni, litoe kwanza, ndipo usome.

Chini ya vigae hivyo kwa kawaida mna chombo cha udongo au chupa tu, kilichopakwa saruji, plasta au pati. Plasta ikinywa maji hulegea. Mimi bakuli langu la kwanza nilililoweka. Asubuhi nikakuta vigae vimetuama chini kama mchele. Futa kwa pamba yenye unyevu, basi.

Wafaransa kazi hii huiita pique-assiette, yaani mdoezi, yule anayejialika kwenye sahani za watu. Raymond Isidore wa Chartres, mfagiaji wa makaburi, alibatizwa Picassiette kwa mzaha huohuo. Kuanzia 1938 aliokota vigae majalalani na kuvibandika kwenye kuta za nyumba yake, kitanda, jiko, mpaka cherehani ya mkewe. (Huyo mke alikuwa na subira!) Alifariki 1964, na nyumba ni urithi wa taifa tangu 1983. Ukifika Paris, Chartres ni kama saa moja kwa treni.

Sasa umri. Usidanganywe na ua la kizamani. Sahani ya karne iliyopita yaweza kuvunjwa na kubandikwa jana. Tafuta kigae kipya kuliko vyote, maana jagi haliwezi kuwa kongwe kuliko hicho. Shida ni kwamba mihuri ya viwanda huwa nyuma ya sahani, na nyuma ndiko kulikozama kwenye saruji. Lakini wewe una viwili vimebanduka! Vigeuze. Ukikuta jina la kiwanda cha sahani cha Kifaransa kama Gien au Sarreguemines, hata nusu yake, lipige picha, kwani mihuri ilibadilika kila baada ya miaka kadhaa na wauza vyombo vya kale wanaifahamu. Hiyo supa gluu iache dukani. Ikishika kigae kimekaa upande, kukitoa ni kazi, na waweza kukivunja mara ya pili.