Siku niliyoiita tezi ya ndama mkate mtamu

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeaibika. Kwenye usaili wa kazi ya hoteli wameniambia niisifie nyama choma kwa Kiingereza, nikasema ni sweet. Wamecheka mpaka nikatamani ardhi inimeze." Nilimjibu kwa mistari miwili. Jibu refu ni hili.

Mdogo wangu, mimi yamenikuta makubwa zaidi. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kutafsiri, hoteli moja ikanipa menyu ya kurasa nne. Nikaiona kazi ya kitoto. Nikafika kwenye sweetbread. Kamusi sikufungua, ya nini? Sweet ni tamu, bread ni mkate, nikaandika "mkate mtamu wa ndama, uliokaangwa kwa siagi". Hilo neno ndama halikunishtua hata kidogo!

Wiki ileile mzee mmoja aliyekuja harusini akauagiza anywee chai. Akaletewa vipande vyeupe vinavyofanana na ubongo, na kipande cha limau pembeni. Kumbe sweetbread ni tezi ya kooni ya ndama au mwanakondoo, mara nyingine kongosho. Mzee akauliza, mkate wenyewe uko wapi? Meneja akanipigia simu akiwa palepale mezani, akaweka spika, nikaisikia meza nzima ikiangua kicheko. Nusu ya malipo yangu sijaiona mpaka leo. Hela nimesamehe. Kile kicheko bado.

Basi nikalichimba hilo neno sweet kwa hasira. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa swete, na ndugu zake ni suavis ya Kilatini, hedys ya Kigiriki na svadu ya Kisanskriti, ambayo Wahindi wanayo hadi leo: swad, yaani ladha. Ukoo mzima unazungumzia kinachopendeza. Sukari haimo, maana Waingereza wa wakati huo walijua asali tu. Sukari iliwafikia baadaye sana ikiwa na jina lililopita kwa Waarabu, sukkar, lilelile lililotupa sisi sukari. Ndiyo maana maji yasiyo ya chumvi wanayaita sweet water, sawasawa na maji matamu yetu, na siagi isiyotiwa chumvi ni sweet butter. Sweetmeat nayo ni peremende, kwa kuwa meat zamani ilikuwa chakula chochote. Hata persuade imo humo kupitia Kilatini: kumshawishi mtu ni kumtilia utamu. (Hiyo niliipenda mno, nikamsimulia mke wangu saa sita usiku. Alikuwa amelala.)

Kwa hiyo dada, ulichofanya ni kuisemea nyama kwa upana wa tamu yetu, ya usingizi mtamu na maneno matamu. Kiingereza cha leo kikifika mezani kimeibana sweet kwenye sukari na asali. Nyama sema delicious, au tasty, yaishe.

Lakini vijana tuna tatizo, na mimi nililipia. Tunaogopa neno gumu, neno jepesi tunalidharau. Fungua kamusi. Neno ulilofundishwa darasa la tatu, fungua kamusi, hilo hasa. Muulize mpishi. Usione haya kuuliza, haya ya kuuliza ni ya dakika moja, yangu mimi ina miaka. Na waliokucheka waulize kwa nini divai isiyo na utamu wanaiita kavu, na kimiminika kile kinamwagika.

Mwezi uliopita hoteli nyingine imenipa menyu. Nikaenda jikoni kwanza, nikakaa na mpishi saa nzima, nikaonja kila alichonipa. Sweetbread ilikuwemo. Nimeandika: "Tezi ya kooni ya ndama, ya kukaanga." Meneja analalamika kwamba tangu menyu itoke hakuna aliyeiagiza.